Wifi Yangu na Sakafu ya Stesheni

Wifi yangu alikuwa haoni, lakini ole wako umwonee huruma. Siku kaka yangu aliponipeleka kunijulisha kwa mchumba wake, nilimshika mkono nimvushe kizingiti cha mlango, nikidhani natenda wema. Akasimama palepale. "Wewe mtoto," akasema, "unanikamata, nimekuibia nini?" Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikanuna wiki nzima. Tulianza hivyo, na hatukuacha kugombana maisha yetu yote, na sasa nimebaki na maneno mdomoni hayana pa kwenda.

Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni ya mji wetu. Watu walimwita Bi Kipaza, kwa kile kipaza sauti chake. Surua ndiyo iliyomchukua macho, hata meno hayajamaliza kuota. Baba yake alikuwa mwasha taa wa reli, mke amemfia, hana wa kumwachia mtoto, basi kila asubuhi alimbeba mgongoni, akaja naye kazini, akamwacha atambae kwenye ukumbi wa abiria. Mtoto akatambaa, akasimama, akatembea, yote humo humo, katikati ya mizigo na miguu ya watu. Wengine tulijifunza dunia kwa kutazama. Yeye aliijifunza kwa nyayo, na dunia yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja, korido moja, jukwaa moja refu la abiria na chumba kidogo nyuma ya dirisha la tiketi.

Kazi aliipata kwa utundu. Mkuu wa stesheni wa enzi hizo alikauka sauti siku moja ya msongamano, abiria wamejaa hadi nje, hakuna anayejua treni ipi inakwenda wapi. Binti wa mwasha taa akaingia ofisini, akapapasa meza, akakamata kipaza sauti, akataja vituo vyote mpaka mwisho wa reli bila kumeza mate. Alikuwa amevisikia tangu utoto wake. Alipomaliza akaongeza, "Na yule baba anayekojoa nyuma ya behewa la mwisho, tunakusikia." Stesheni nzima ikaangua kicheko. Mkuu alitaka kumchapa, lakini abiria walishapanda treni zao bila kukosea, akabaki anakohoa tu. Tangu siku hiyo kipaza sauti kikawa cha kwake.

Watangazaji wengine husoma walichoandikiwa. Wifi alitangaza anachokisikia. "Mama wa kuku, mmoja ametoka kapuni, yuko chini ya benchi." "Mwenye mtoto anayelia karibu na bomba, mpe chakula, mtoto ana njaa huyo, hana wazimu." Watu walikuwa wanakuja stesheni hata kama hawasafiri. Mimi nilikuwa na kibanda cha chai pembeni ya jukwaa, na najua ninachosema: nusu ya wateja wangu walikuja kusikiliza Bi Kipaza amemsema nani leo. Na mimi mwenyewe alinisema. "Wasafiri, chai ya wifi yangu leo ni maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani." Nilikwenda kumpigia kelele ofisini, akawasha kile kipaza, mji mzima ukanisikia nikitukana. Ndio ukawa mwanzo wa kuitwa Kiberiti, mpaka leo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Ndani ya stesheni wifi yangu hakushika fimbo, hakushikwa mkono, na hakuvaa viatu. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya mawe mapana ya kuchongwa, yaliyopangwa zamani za watu ambao hata babu zetu hawakuwajua, na kila jiwe lilikuwa na tabia yake. La mlangoni lilikuwa limeliwa katikati na miguu ya watu. Lililofuata lilicheza kidogo ukilikanyaga. Yale ya karibu na bomba yalikuwa ya baridi muda wote. Mbele ya dirisha la tiketi yalikuwa yamebonyea, maana hapo ndipo watu walipokuwa wakisimama kusubiri, wakihamisha uzito mguu huu na mguu ule. Ukingo wa jukwaa ulikuwa na matofali ya kukwaruza, na akifika hapo alijua hatua inayofuata ni relini. "Macho yangu yako huku chini," aliniambia, "nyie mmeyaweka juu kama bundi." Alikuwa anapita mle ndani na beseni la maji kichwani, anamkwepa mtoto, anapinda kwenye korido, anaingia chumbani, wala tone halimwagiki. Mgeni asingejua kama haoni.

Lakini akitoka nje ya lango, basi. Alikuwa mtu mwingine. Alivaa viatu, akanishika bega, vidole vinanichimba hadi mfupa, na mdomo wote ule ukafungwa. Hospitali, sokoni, msibani, kote alikwenda hivyo, akirudi amechoka mwili na roho. Nilipomtania kwamba nje ananyamaza kama mtoto aliyeadhibiwa, alinijibu bila mzaha, "Nje mimi ni mzigo, wifi. Mle ndani mimi ni mtu."

Kaka yangu, fundi wa reli, alifariki mtoto wao bado yuko shule. Ni mmoja tu waliyempata, wa kiume, na alipokua akawa mwashi, mzuri haswa. Mji mzima unamwita Fundi. Alijenga nyumba yake upande wa pili wa mji, akaoa, na kila wiki alikuja kumbembeleza mama yake ahamie kwake. "Mama, chumba kipo. Mke mwenzio yupo, atakupikia." Mke wa Fundi alikuwa akimtania mama mkwe hivyo, na Fundi naye akaichukua. Wifi alikuwa anamsikiliza hadi mwisho, halafu anamuuliza kama amekula.

Treni nazo zikaanza kupungua. Za abiria zikawa za kubahatisha, zikabaki za mizigo, na za mizigo nazo zikaisha. Hakuna aliyekuja kutuambia zimekwisha. Tulisubiri tu, tukachoka kusubiri. Kibanda changu nikakihamishia barabarani. Wafanyakazi wakaondoka mmoja mmoja, na wifi akabaki kwenye kile chumba cha nyuma ya dirisha la tiketi, kampuni imemsahau na yeye hakuikumbusha. Alifagia ukumbi, alichota maji, alipokea wageni wake pale kwenye benchi. Watu walikuwa wakikatisha humo makusudi wamsalimie, watambuliwe kwa miguu yao, wataniwe kidogo, waende zao.

Halafu wakaja vijana wa kampuni na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya X ukutani. Nikawauliza, kulikoni? Wakasema jengo linavunjwa, patakuwa maegesho ya malori. Mmoja akaniambia, "Mama, ni gofu tu hili." Nilimpa maneno ambayo mama yake hakuwahi kumpa. Lakini maneno hayafuti rangi. Nilipoingia kumweleza wifi, alikuwa amekaa kitandani, amesikia yote kupitia dirisha la tiketi. Kwa mara ya kwanza hakunitania. Alisema, "Wifi, wakivunja hapa nitakwenda kujifunza kutembea wapi na uzee huu?"

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, ndiye aliyesema kuna njia. Jengo la kale likikaguliwa na watu wa serikali wanaotunza mambo ya kale, likaandikwa kuwa ni urithi, haliguswi tena na mtu. Akafuatilia ofisi hii na ile, akaahidiwa ofisa wa kuja kukagua. Na katika maombi yake alimtaja wifi: kwamba humo ndani anaishi bibi asiyeona, aliyekulia humo, anayetembea humo peke yake kama mwenye macho, na kwamba kuvunja stesheni ni kumvunja miguu. Alitusomea kwa sauti, na watu wakashangilia. Wifi akasema, "Mwalimu, umenipamba kama bibi harusi," lakini niliona amefurahi. Tulikuwa na matumaini. Mungu ni shahidi, tulikuwa nayo mengi.

Hapo katikati homa ya mapafu ikamwangusha. Ikabidi apelekwe hospitali kubwa, mji wa mbali, na nani wa kumuuguza kama si mimi? Tukakaa kule siku nyingi. Usiku, sijui ni homa au ni nini, alikuwa akichezesha vidole vya miguu ndani ya shuka, na asubuhi alinilalamikia kwamba sakafu ya wodi haina adabu, haikwambii chochote. Alitaka kwao. Alihesabu watu wa kuwasalimia.

Kwa hiyo haya yaliyotokea nyuma yetu sikuyaona kwa macho, nilisimuliwa. Habari zilifika kwamba ofisa anakuja karibuni. Watu wakaangaliana. Mgeni mkubwa namna hiyo apokelewe kwenye kuta zilizobabuka? Akanyage mawe yaliyopinda? Watu wetu ndivyo walivyo: kitu wakikipenda, wanakipaka rangi. Mgeni akija, cha zamani kinafichwa uvunguni na kipya kinatolewa kabatini. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mgeni huyu anakuja kutafuta hicho cha uvunguni. Mwalimu mwenyewe, na elimu yake yote, aliunga mkono kwa mikono miwili.

Basi wakaivamia kazi. Mwenye duka akatoa rangi. Seremala akatoa madirisha ya alumini. Mabenchi ya mbao ngumu, yenye majina ya watu yaliyochongwa kwa visu, yakawa kuni, vikaja viti vya plastiki. Kuta za mawe zikapigwa plasta, zikapakwa rangi ya maziwa. Na Fundi, mtoto wa wifi yangu, akaleta vigae vya sakafu alivyokuwa amevinunua kidogo kidogo kwa ajili ya sebule yake mwenyewe. Vyeupe, vikubwa, vinang'aa mpaka unajiona uso. Akang'oa mawe yote, ukumbini, koridoni, mpaka ukingo wa jukwaa, na watu wakayapondaponda wakazibia mashimo ya barabarani. Akasawazisha kwa pima maji, akapanga kigae baada ya kigae, anafanya kazi anaimba. Mkewe aliniambia alikuwa harudi nyumbani kula. "Nataka Mama akitoka hospitali akute kwake pamekuwa ikulu," ndivyo alivyokuwa akisema.

Tulirudi asubuhi moja kwa gari la kukodi. Watu walikuwa wamejipanga langoni, wanapiga makofi na vigelegele, na mimi nikadhani wanashangilia kupona kwa wifi. Alivua viatu kama kawaida yake, akanipa, akaniachia bega, akaingia mwenyewe.

Hatua ya kwanza akateleza kidogo. Ya pili akasimama. Nilimwona akisogeza mguu wa kulia, anapapasa, anaurudisha, anasogeza wa kushoto. Kisha mikono yake ikapanda mbele, yote miwili, imetandazwa hewani, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kuiona mikono ile ikipanda namna ile mle ndani. Nikamfikia. Akaninong'oneza, "Wifi, umenileta kwa nani? Hapa wapi?"

Nikamwambia ni stesheni. Nikatazama chini, nikaelewa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Fundi alikuwa ameshafika, saruji kwenye nywele, anacheka kama mtoto. "Mama! Unaonaje?"

Siku nyingine wifi angemjibu, "Naona kwa macho ya nani?" na watu wangecheka. Siku ile alinibana mkono mpaka kucha zikaingia, akatabasamu upande ambao sauti ilitoka. "Pazuri, mwanangu. Pamekuwa laini. Ni kazi yako hii?"

"Yangu yote, Mama."

"Mungu akubariki. Sasa wifi anipeleke nikalale, homa imenimaliza nguvu."

Nikampeleka. Mle ndani ya stesheni yake, nikampeleka kwa mkono, watu wanapiga makofi. Tulipofunga mlango alikaa kitandani akalia kimya kimya, machozi yanateremka tu. Nikasema nakwenda kumweleza huyo mwanao sasa hivi alichokufanyia. Akanidaka nguo. "Thubutu! Ukimwambia, mimi na wewe basi, mpaka naingia kaburini. Apa." Sikutaka. Akanitikisa kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nikaapa, na nilimchukia kwa kiapo kile, namwambia Mungu wangu kweli.

Siku zilizofuata nilikuwa nakuja alfajiri kabla watu hawajaamka, namkuta ukumbini amepiga magoti, anapapasa viungo vya vigae kwa vidole, anajaribu kujifunza upya. Anatoka mlangoni, anakwenda, anajikuta amegonga ukuta mahali alipodhani ni korido. "Vinafanana vyote, wifi," alisema. "Vinasema neno moja tu." Siku moja alianguka akavimba paji la uso, na Fundi alipouliza, akamwambia amejigonga kwenye kitanda. Alijikaza kisabuni. Alisema ofisa akija, jengo likapona, atapata muda, hata mwaka, ataizoea sakafu mpya polepole. Hilo ndilo lililokuwa limebaki: jengo lipone.

Ofisa akaja. Dada mmoja kijana, kamera shingoni, viatu vimejaa vumbi, mwenye salamu nzuri. Mji wote ulikuwa umefurika ukumbini, tumevaa nguo za kutokea. Akaingia, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatabasamu kwa adabu, akauliza, "Na stesheni yenyewe iko wapi?"

"Si ndiyo hii!" watu wakajibu kwa pamoja, na wengine wakacheka, walidhani anatania.

Yeye hakucheka. Alikwenda ukutani akakwangua plasta kwa ukucha. Akainama akagusa kigae. Akauliza mawe yaliyokuwa hapa yako wapi, mabenchi yako wapi, madirisha yako wapi. Akaambiwa kila kitu kwa majivuno: mawe yapo barabarani, mabenchi tulipikia. Niliona uso wake unavyobadilika, na nitasema ukweli, dada yule hakuwa na kiburi. Alitueleza kwamba kinacholindwa ni kile cha kale chenyewe, na kwamba humu ndani hakioni tena. Kuta zimefunikwa, sakafu ni ya mwezi huu. "Nitaandika nini?" akasema. "Nitaandika kwamba ni jengo jipya."

Minong'ono ikaanza, na nyuso zikageuka kumtafuta Fundi. Mwenye duka, aliyetoa rangi kwa mkono wake, akasema kwa sauti, "Mimi nilisema mawe yasing'olewe." Mwongo mkubwa! Mwingine akadakia, huyu mwashi ndiye aliyeshupalia vigae. Watu waliompigia makofi wote wakawa walimwonya. Fundi alikuwa amesimama karibu na dirisha la tiketi, mtu mzima, mabega mapana, mdomo wazi, mikono imening'inia. Alikuwa ameanza kuelewa, na ilikuwa vibaya kumtazama.

Mwalimu akajitutumua. "Bado kuna mama yetu," akasema. "Dada, ulisoma habari zake. Amekulia humu. Anatembea humu bila fimbo wala mkono. Hilo si urithi?"

Yule dada akageuka haraka, kama mtu aliyerushiwa kamba. "Kweli. Hilo naweza kuliandika. Kama kuna mtu anategemea jengo hili kiasi hicho, naweza kuomba lisivunjwe kwa ajili yake, hata kama si la kale." Akamsogelea wifi aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akachuchumaa mbele yake. "Bibi, nionyeshe basi. Tembea tu kutoka hapa mpaka mlangoni, nikupige picha."

Watu wakafanya njia. Ukumbi mzima mweupe, mtupu, unang'aa, kutoka kwenye kiti chake mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, na nilijua. Akisimama atapandisha mikono yake mbele, atateleza, atakwenda ukutani. Pengine dada yule angeona aibu hiyo akaiandika, pengine hata ingetusaidia, sijui. Lakini Fundi angeona. Mbele ya mji mzima Fundi angeona kwamba si jengo tu aliloliua.

Nilimwinamia nikamwambia sikioni, "Jaribu, wifi. Niko hapa." Alinipapasa mkono akauondoa begani kwake.

Kisha akatoa ile sauti ya kipaza, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu treni ya mwisho. "Mimi sitembei," akasema. "Mimi na stesheni hii tumechokana. Na nyie mnaomsema mwanangu, mfunge midomo. Sakafu hii niliitaka mimi. Yale mawe yalikuwa yananichoma miguu miaka yote, nikawa naomba kila siku niondolewe mawe haya. Mwanangu ameujua moyo wa mama yake, kosa lake nini?" Akageuza uso kwa yule dada. "Andika unavyoona, mjukuu wangu. Mimi nakwenda kukaa kwa mwanangu."

Nani angembishia? Watu waliinamisha vichwa. Wengine, najua, siku ile walianza kumchukia, wakasema bibi kipofu kapoteza urithi wa mji kwa ajili ya nyayo zake, na wanasema hivyo mpaka leo. Dada wa serikali alibaki amechuchumaa, anamtazama usoni muda mrefu, halafu akafunga kamera yake. Fundi akaja akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia kwa sauti. Alikuwa ameamini. Nilimwona mabega yakishuka, mzigo unamtoka. Wifi alikuwa akimpangusa saruji kwenye nywele.

Walivunja baada ya msimu wa mvua. Katapila lilisikika mpaka kwa Fundi, upande ule wa mji. Wifi aliomba redio ifunguliwe kwa sauti ya juu, na tukakaa tunasikiliza bei za mazao, mimi nalia, yeye amekaza macho yake yasiyoona ukutani.

Pale kwa Fundi hakukosa kitu. Mkwewe alimtunza kuliko binti wa kumzaa, na siwezi kusema lolote baya juu ya mke wa Fundi. Alipikiwa, aliogeshwa, aliongozwa kwenda chooni na kurudishwa. Na Fundi, siku chache kabla ya kuvunjwa, alikuwa ameenda kubandua vigae vile, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa visipasuke, akavipanga upya kwenye chumba cha mama yake. "Kwa kuwa alivipenda," aliniambia. Wifi alimshukuru, akaomba nimtafutie ndala. Hakutembea tena pekupeku. Hakutembea kabisa, ukweli ni huo. Kiti kiliwekwa karibu na dirisha na ndicho kikawa nyumba yake. Nilikuwa naenda kumchokoza makusudi, namwambia chai ya mkwewe ni mbaya kuliko yangu, namwambia kaka yangu alioa kwa bahati mbaya. Ananisikiliza. "Sawa, wifi," anajibu. Sawa! Huyu aliyenitangaza kwa mji mzima. Nilikuwa natoka pale nikasimama nyuma ya nyumba nikapiga ukuta kwa ngumi.

Hakumaliza mwaka. Daktari alitaja ugonjwa, mimi nina jina langu la ugonjwa ule.

Siku arobaini na mambo yake yote yalipokwisha, nilijiambia kiapo changu kimekwisha pia. Alisema mpaka kaburini, na kaburini ameingia. Haikuwa haki mji umseme vibaya marehemu wa watu, na mwanawe akae hajui. Nikafunga kanga, nikakata mji kwa miguu, naongea peke yangu njiani, napanga nitakavyoanza. Nitamwambia habari ya mikono iliyopanda. Nitamwambia habari ya alfajiri. Nilikuwa nimejaa kama sufuria inayotaka kumwagika.

Nilimkuta chumbani kwa mama yake, amepiga magoti, anapangusa vigae kwa kitambaa kibichi. Kiti kilikuwa bado dirishani. Hakuinuka. "Karibu, Shangazi," akasema. Akaendelea kupangusa kidogo, halafu akasema bila kunitazama, "Shangazi, unajua, ile siku ya stesheni, kama Mama asingesema mwenyewe kwamba ndiye aliyetaka, sijui leo ningekuwa wapi. Nisingeishika tena pima maji. Kila nikijilaumu nakumbuka, basi nakaa sawa. Stesheni tumeipoteza, haya. Lakini angalau miguu yake ilipumzika. Hilo moja nilimfanyia, au siyo?"

Alinyanyua uso akanitazama. Ana macho ya kaka yangu.

Mimi Kiberiti, ambaye sijawahi kumnyamazia mtu, nilivua viatu pale mlangoni, nikaingia, nikakanyaga. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ni laini kweli."